Nondo ya Fundi Cephas

Mimi ni dereva, jina langu Obare, na naapa Homa Bay nzima hakuna fundi kama Cephas Motari. Wengine ukiwaletea gari wanafungua boneti na kukutajia bei kabla hujamaliza kueleza. Cephas anachukua kipande cha nondo chenye urefu wa mkono, ncha moja anaibandika kwenye injini, ya pili anaigusisha kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha anafumba macho. Alijifunza mambo hayo Masara, ambako kwa miaka tisa alitengeneza mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Kule kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba hukuweza kusikia hata jina lako, ikabidi asikie kwa chuma. Aliweka akiba kidogo kidogo, akahamia huku na mkewe, akakodi kiwanja nyuma ya soko. Watu humtania, "Daktari, mgonjwa ana homa?" na yeye huwashinda kwa kicheko. Ni Msabato kamili. Ijumaa jua likizama spana zinafungiwa sandukuni, na humtoi hata kwa laki.

Gari ninaloendesha ni vani ya dizeli ya miaka ishirini na miwili, mali ya Metrine, anayenunua ndizi Rongo na kuziuza Homa Bay. Nililipenda gari lile, sioni haya kusema. Tulikuwa tumeshalitibu kila ugonjwa wa uzee: gasketi ya silinda hedi elfu kumi na nane, nozo nne elfu ishirini, klachi elfu kumi na sita. Springi za nyuma zilikatika mara mbili, kwa sababu mimi na Metrine sote hatujui maana ya neno "imejaa".

Kisha likaanza kulia. Ukifika kilomita sitini kwa saa, linatoa mlio mwembamba chini, unapanda na kushuka na mwendo. Mafundi wawili walisema giaboksi imekufa, na mpya ni elfu mia moja thelathini na tano. Metrine akachoka. Ijumaa moja asubuhi akampigia Oyaro, mnunuzi wa vyuma chakavu, naye akaahidi laki moja na elfu kumi taslimu, ila alichukue Ijumaa hiyo hiyo jioni akielekea Migori. Lori la kulivuta angekuja nalo mwenyewe.

Gari likienda, na kazi yangu imeenda! Nikambembeleza Metrine tulipeleke kwanza kwa Cephas.

"Sawa," akasema, "lakini hii ni ya mwisho, Obare. Huyo mtu wa nondo akisema giaboksi, Oyaro anabeba."

Saa saba mchana tulikuwa kiwanjani. Cephas aliinua magurudumu ya nyuma kwa jeki, akaliweka gari juu ya magogo, akaniambia niwashe na kuingiza gia. Magurudumu yakazunguka hewani. Akaingia chini na nondo yake, akaigusa giaboksi. Nilikuwa nimeushika usukani mpaka vidole vikaniuma.

"Hii iko sawa!" akapaza sauti. "Hii giaboksi haina neno!"

Akasogea nyuma, akaigusa difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli, linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Akaruka kidogo kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Huyu hapa! Huyu ndiye analia! Zima!"

Nilipiga kelele ya furaha hadi mama mboga wa ng'ambo akasimama kututazama. Cephas alifungua nati ya chini ili oili imwagike. Oili nzuri ya difu ni nyeusi au ya rangi ya asali. Ile iliyotoka ilikuwa imepauka, nzito, kama chai ya maziwa.

"Maji," akasema Cephas. Akajifuta mikono, akanitazama. "Ndugu, hii gari inaoshwa wapi?"

Metrine akamjibu mwenyewe. "Kwa car wash. Kila Ijumaa nampatia Obare mia nne ya kuosha."

Nikaitikia kwa kichwa.

Cephas akatazama jua. "Basi hii ni mbaya. Maji ya car wash haiwezi kuingia humu. Kama imeingia, nyumba ya difu imepasuka mahali. Lazima ishuke yote, itafutwe ufa, ichomelewe. Leo haiwezekani. Nitaanza Jumapili."

"Jumapili itakuwa kwa Oyaro," Metrine akasema, akatoa simu.

Jamani! Jibu nilikuwa nalo mimi. Kila Ijumaa nikitoka Rongo, ekseli ikiwa moto, nilikuwa nikiiingiza vani ziwani hadi maji yafunike difu, nikiisugua bure kwa sabuni ya kipande, huku mia nne zikilala mfukoni mwangu. Nusu ya madereva wa ufuo hufanya hivyo.

"Sio car wash," nikasema. "Naiosha ndani ya ziwa. Tangu Januari."

Metrine akaishusha simu. Lakini Cephas alipiga paja na kucheka kwa sauti, Mungu ambariki.

"Ziwani! Ikiwa moto! Mbona hukusema? Difu ikiwa moto ikiingia maji baridi, inavuta maji kupitia kile kitundu cha kupumua juu. Hakuna ufa hapa! Tunaosha ndani na dizeli, tunabadilisha beringi ya mbele iliyoliwa na maji, na sili ya kuzuia oili, tunaweka oili mpya. Kimbia dukani, ndugu, kimbia!"

Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia tangu shule. Beringi elfu nne na mia mbili, sili mia nane, oili elfu mbili na mia tano. Cephas aliifanya kazi akiwa amelala chali, akiitisha spana kwa namba, mimi nikimpa kabla hajamaliza kutamka. Oyaro alifika na lori lake saa kumi na moja, akaegemea mlango akisubiri. Saa kumi na mbili na robo Cephas akakaza nati ya mwisho.

Nilipanda barabara ya kutoka mjini na Metrine kando yangu. Hamsini. Sitini. Sabini! Hakuna mlio! Nilisikia injini tu na upepo, nikapiga honi kama kichaa. Tuliporudi, Oyaro alikuwa amekwisha kugeuza lori, na Cephas ananawa mikono karibu na sanduku lililofungwa. Alidai elfu mbili na mia tano za kazi, akatutakia Sabato njema.

Metrine alibaki garini. Akatoa kalamu, akapiga hesabu kwenye kiganja chake.

"Ijumaa thelathini, mia nne mia nne. Elfu kumi na mbili. Nitakukata elfu mbili kila mwezi, miezi sita."

Nilitaka kumkumbatia. Miezi sita! Mchana sikuwa na uhakika hata wa kesho.