Mama Alitaka Niseme Nilikuwa Mvivu

Komeo la mlango wa chumba cha mama lina sauti yake. Chuma kinakwaruza, kinagonga mara moja, halafu nyumba nzima inanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipolisikia mara ya kwanza, na hata leo mtu akifunga choo cha treni kwa nguvu, nageuka kuangalia mlango.

Admin, nifiche jina tafadhali, mama ana marafiki wengi humu kwenye grupu. Nina miaka ishirini na moja. Tuko wawili tu, mimi na mama, kwenye flati ya kupanga hapa Kilburn, London. Tulitoka Nakuru nikiwa bado shule ya msingi. Mama huhudumia wazee majumbani mwao, na kanisani ndiye kiongozi wa akina mama. Ukimwona Jumapili na kitenge chake utasema huyu hajawahi kulia.

Mwaka ule nyanya, mzaa mama, alifariki Nakuru, na karatasi za mama za ukaazi zilikuwa bado serikalini. Angetoka Uingereza, asingeruhusiwa kurudi. Mazishi tuliyatazama kwenye simu tuliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. Picha ilikwama jeneza likiwa nusu kaburini, na ilipoendelea watu walikuwa tayari wanaweka maua. Wa kanisani walikuja na pilau, wakaomba, wakaosha vyombo, wakaenda. Mama akaingia chumbani, akafunga komeo.

Alikaa humo karibu miaka miwili. Sitaki kutia chumvi, kuna siku alitoka, akaenda kazini, akarudi akalala na viatu. Mimi nilimwachia uji mlangoni na kukaa sakafuni mpaka nisikie kijiko. Nisipokisikia, siendi shule. Nikienda, mwili uko darasani lakini masikio yako nyumbani. Watu wakiuliza, nilijibu alivyonifundisha mama: "Mum yuko shift," yaani kazini. Mtihani ambao watoto wa hapa hufanya wakiwa na miaka kumi na sita, nilianguka karibu kila somo.

Auntie Rose wa kanisani alinisema mbele ya watu wakinywa chai. "Si huyu ndiye alikuwa anaongoza darasa Nakuru? London imemlewesha. Hawa ni simu na kope za kubandika tu!" Wakacheka. Mama, aliyekuwa ameanza kurudi kanisani, naye akacheka kidogo.

Polepole alipona. Hakuna aliyeutaja ugonjwa ule, hata sisi wawili. Nikarudia masomo, nikafaulu vizuri, nikaomba kusomea ukunga. Lakini zile alama za kwanza hazifutiki. Vyuo huziona, na kwenye usaili lazima uulizwe. Nikamuuliza mama nitajibu nini. Alikuwa anakanda unga wa chapati, hakuinua kichwa.

"Sema ulikuwa mvivu."

"Mum, sikuwa mvivu."

"Najua. Kwani watakuchapa? Mvivu hubadilika. Mimi nikishaitwa mwendawazimu, nani ataniachia mzazi wake nimlishe?"

Nikaenda usaili wa chuo cha kwanza, nikasema nilikuwa mvivu. Mwalimu aliyenisaili akatabasamu kwa adabu, na chuo kikanikataa.

Chuo cha pili walinisaili wawili, na mwanamke mmoja wa sauti ya chini aliuliza swali lile lile, halafu akasubiri. Nilifungua mdomo niseme uvivu, nikashindwa. Nikasema yote: simu, jeneza, uji, kijiko. Nililia mbele ya watu wawili nisiowajua. Wakanipa nafasi.

Mama alipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta. "Waona? Uliwaambia ulikuwa mvivu, wakakusamehe!" Nikamwacha aamini hivyo. Akapanga tusimame pamoja mbele ya kanisa, atoe ushuhuda. Wiki nzima alijizoeza jikoni: "Bwana asifiwe! Binti yangu alikuwa anacheza na masomo..." Nami naenda kuwa mkunga, niwaambie wanawake wasione aibu kusema panapouma. Ningesimamaje pale nipigiwe makofi?

Leo asubuhi, siku ya ushuhuda, mama akifunga kilemba mbele ya kioo, nilimwambia. "Mum, sikuwaambia nilikuwa mvivu. Niliwaambia ukweli."

Mikono yake ikabaki hewani. "Wangapi?"

"Wawili."

"Wanajua jina langu?"

"Hapana, Mum."

"Lakini wananijua."

Akavua kilemba, akakikunja vizuri kama cha kurudisha dukani, akaingia chumbani. Chuma kikakwaruza, kikagonga.

Ibada imeshaisha. Uji uko mlangoni, umeweka utando. Nimegonga, nimeomba msamaha, nimemwambia nitaiacha hiyo nafasi ya chuo, hajibu. Nawaandikia nikiwa nimekaa sakafuni palepale nilipokuwa nakaa zamani, na sijui kama ni mimi niliyemrudisha humo ndani. Nyinyi mliowahi kukaa nje ya mlango wa mzazi wenu, nishaurini. Nimwambie nini kupitia ubao huu?

Msiniambie nisubiri tu. Auntie Rose amepiga sasa hivi kuuliza mbona hatukuonekana. Maneno ya "yuko shift" yalinifika mdomoni. Nikayameza. Nimemwambia, "Auntie, Mum ni mgonjwa. Ni ule ule wa nyanya alipofariki. Njoo."

Hakucheka. Yuko kwenye basi.