Jumatano ya Mama Eve

Gichuru alikuwa mtu wa Alhamisi. Siku nyingine alikuwa fundi wa viatu pale soko la Kariokor, akikata ndara za akala kutoka kwenye matairi yaliyozeeka kama yeye. Lakini Alhamisi jioni alivaa miwani, akafunga mlango wa nyumba yake ya mtaa wa Jericho, na hata bintiye Shiru alijua kwamba akipiga simu hatajibiwa. Alhamisi ilikuwa siku yake ya gazeti.

Lilikuwa gazeti la ng'ambo, la Kiingereza, linalotoka mara moja kwa wiki na habari za dunia nzima. Wazee sita wa mtaa walilichangia, kisha nakala hiyo moja ikazunguka nyumba kwa nyumba, kila mtu na siku yake, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Mtindo huo aliuanzisha Naftaly, karani mstaafu wa reli, na sheria alizitunga yeye mwenyewe: usichane, usimwagie chai, na asiyesoma hana siku. Kiingereza cha Gichuru kilikuwa cha kuokoteza, lakini mambo ya Bolivia aliyajua kuliko mambo ya wadi yake.

Siku ya Naftaly ilikuwa Jumatano. Alifariki mwezi wa Aprili, wakamzika kwao Murang'a, na wiki iliyofuata Mbugua, msomaji wa Jumanne, akampelekea gazeti mjane wake, Mama Eve, kwa mazoea tu. Mama Eve akalipokea. Alhamisi asubuhi akamfikishia Gichuru, limenyooka vizuri kama shuka iliyotoka kufuliwa. Miezi minne ikapita hivyo. Kila mtu alijua kwamba Mama Eve hasomi Kiingereza, na kila mtu akanyamaza.

Shida ilianza alipohamia mtaani Javan, mwalimu mstaafu, naye akaomba siku. Jumapili baada ya kanisa wazee wakakaa kikao kwa Luseno, msomaji wa Jumamosi na mwenyekiti wao.

"Sheria ni sheria," akasema Luseno. "Na ni Naftaly mwenyewe aliitunga. Mama Eve atuachie hiyo Jumatano."

Kwa kuwa Gichuru ndiye aliyekuwa akipokea gazeti kutoka kwa Mama Eve, wakamtwika yeye mzigo wa kumwambia. Naye, kwa woga wa kukataa mbele za watu, akaupokea.

Alienda Jumatano saa kumi. Alikuta gazeti limefunguliwa mezani mbele ya kiti cha Naftaly, na Mama Eve upande wa pili akichambua maharagwe.

"Karibu, Baba Shiru. Siku yako si ni kesho? Mbona mapema?"

Gichuru akakohoa. Akaanza kuyatafuta maneno aliyoyapanga njia nzima kutoka Kariokor.

"Najua umetumwa," akasema Mama Eve bila kuinua macho. "Na mko na haki. Hii gazeti mimi siisomi. Asubuhi naifungua, nageuza karatasi vile yeye alikuwa anageuza, jioni naipiga pasi. Hiyo siku moja naona nyumba iko na mtu. Lakini kabla hamjaichukua, niambie kitu kimoja. Yule mzee wa Ureno alihama?"

"Mzee gani?"

"Wa lile bwawa. Serikali ilitaka kufunika kijiji chao na maji. Watu wote wakatoka, yeye akakataa. Baba Eve alikuwa ananisomea kila wiki, tunabishana hadi chakula kinaungua. Halafu akaenda, na mimi sikujua iliishia wapi."

Gichuru hakumjua mzee wa Ureno. Kila wiki alikuwa akiuruka ukurasa huo mbio mbio kuelekea kwenye kandanda. Aliona aibu, aibu ya kweli ya mtu mzima, maana kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akijiita msomaji. Aliaga bila kutoa ujumbe wake.

Jumapili, wazee walipokusanyika tena kwake pamoja na Javan, Luseno akamvaa mlangoni. "Umemwambia?"

"Aliniuliza swali likanishinda. Nani hapa anajua kama yule mzee wa Ureno alihama?"

Mbugua akajaribu kusema kwamba Ureno walishinda mbili bila, wakamwambia anyamaze. Hatimaye Luseno akapiga magoti na kuvuta marundo kutoka chini ya kitanda, maana magazeti yote yaliishia kwake na hakuwa na moyo wa kutupa hata moja. Wakainama wazee watano na mwalimu wao, migongo ikilalamika, wakipekua kuanzia Aprili. Javan ndiye aliyeiona ile habari, katika toleo la Juni, chini kabisa ya ukurasa, mistari kumi tu. Akawasomea kwa sauti.

"Mwalimu," akasema Gichuru, "chukua Alhamisi yangu. Mimi nitakuwa nasomea kwa Mama Eve."

Luseno akaanza kurudisha marundo chini ya kitanda, lile toleo la Juni akamwachia Gichuru.

Jumatano Gichuru aliketi kwenye stuli, akafuata ile mistari kumi kwa kidole na kumfasiria Mama Eve kwa Kiswahili, neno kwa neno. Mzee wa Ureno alihama. Maji yalipofika kizingitini aling'oa mlango wa nyumba yake, akaubeba mgongoni, akaenda kukaa kwa bintiye mjini.

Mama Eve akapiga makofi na kuangua kicheko. "Si nilimwambia! Nilimwambia huyo atahama tu! Akabisha, akabisha, ati mwanamume hatoki kwake. Nimemshinda!"

Akageukia kiti cha mumewe, kidole juu, tayari kumsuta. Kidole kikabaki hewani kidogo, kisha kikashuka.

"Sasa nitamcheka nani, Baba Shiru?" akauliza, na machozi yakamtoka.