Babu Aliyejitoa Mwenyewe

Wiki jana nilipeleka mzigo Dallas kutoka Houston, na wallahi lori lilinivuta lenyewe, hata usukani sikuushika, mpaka Vickery Meadow, kwenye zile fleti tulizofikia tukitoka Mombasa nikiwa na miaka tisa. Nikashusha kioo. Harufu ya vitunguu ni ile ile! Mkongo, Msomali, Mburma, wote wanakaanga saa moja.

Basi sikiza. Juu yetu alikaa Babu wa Kihindi. Kiswahili alikijua cha dukani, maana aliuza vitambaa Mombasa miaka na miaka kabla mwanawe hajamleta Marekani. Lakini kabla ya vitambaa, ndugu yangu, yule mzee aliichezea India kriketi, timu ya taifa, zamani hizo redio moja inasikilizwa na mtaa mzima. Alijifunzia kwa kigongo cha mamake cha kufulia nguo, na siku za kufua mama humkimbiza mpaka mji wa pili. Alipoitwa timu ya taifa alipanda treni siku tatu, amepakata viatu vyeupe kama mtoto mchanga.

Sisi alitufundisha kriketi pale pakingi ya magari. Nguzo zetu ni pipa la taka, mpira ni wa tenisi tuliouzungushia tepu ya umeme. Jua la Agosti lilikaanga yai juu ya boneti ya gari. Nimelila mimi, lilikosa chumvi tu. Nyanya yangu akituletea mahamri hunung'unika, "Mzee mzima! Atavunjika kiuno, tumzike na kigongo chake."

Sasa, pakingi ilikuwa moja, na watoto wa jengo la pili waliitaka. Tukapatana: mechi moja, atakayeshindwa ahame kabisa, na kila upande ulete mtu mzima mmoja. Wao wakaleta mjomba wao, mikono mirefu, angeweza kufunga dirisha la Houston akiwa Dallas. Sisi tukamleta Babu.

Mwisho mwisho tulitaka pointi mbili, na mpigaji aliyebaki ni Babu peke yake. Mjomba akarusha, treni nayo ikapita reli ya jirani, ngurumo tupu. Babu akazungusha kigongo, mpira ukampita ukadakwa nyuma ya pipa. Ukigusa kigongo ukadakwa, mpigaji ametoka; lakini hakuna aliyesikia umegusa, hata aliyedaka hakudai. Refa, jirani yetu mama wa Kikongo aliyekuwa akisubiri nguo zake zikauke, akasema, "Endelea, Babu!"

Babu akatia kigongo kwapani, akaondoka.

"Babu, wapi? Hujatolewa!"

"Mpira imegusa kigongo. Wamedaka. Mimi nje."

"Nani amesikia?"

"Mkono yangu imesikia."

Tukahama pakingi. Nililia machozi ya kujaza bwawa la kuogelea. Siku mbili sikumwamkia. Ya tatu akanikalisha ngazini, akanimiminia chai ya iliki kwenye kisahani.

"Hata India nilitoka hivi hivi," akasema. "Refa alisema niko ndani. Nikatoka. Tukashindwa. Hawakuniita tena."

Mechi moja tu! Treni siku tatu, kwa mechi moja!

"Ulijuta, Babu?"

Akapuliza chai yake. "Treni ya kurudi ilikuwa refu sana. Lakini nililala."

Jumamosi ile watoto wa jengo la pili wakamgongea mlango: wanamtaka awe refa wao. Nani atabishana na mtu anayejitoa mwenyewe? Basi sisi hatuna pakingi, hatuna Babu. Ikabidi tujikokote tukaombe kucheza nao, na ndio tukacheza nao mpaka tukaota ndevu.

Sasa Babu ametangulia, nyanya pia. Pakingi imetiwa geti na kibao cha kukataza michezo. Nami nimeshaona watu kazini, nimeshaona kamati za harusi, watu wanaambiwa toka na hawatoki. Aliyetoka bila kuambiwa nimemwona mmoja tu, akatukosesha pakingi, na mpaka leo nikimkumbuka natabasamu peke yangu barabarani, madereva wenzangu wakadhani nimelewa.