Enid Garside Hakutaka Kuitwa Mtunzaji

Enid Garside hakuwahi kuchukua nafasi ya mtu mwingine. Dukani, kanisani, kwenye kituo cha basi, alisubiri zamu yake, na mtu akimkanyaga, yeye ndiye aliyeomba radhi. Nimekuwa jirani yake hapa Yorkshire miaka kumi na tisa, na kanuni yake hiyo niliiheshimu hadi Oktoba iliyopita.

Mumewe, Clifford, mapafu yake yaliharibikia kiwandani. Enid ndiye aliyemwogesha, akampimia dawa, akambadilishia mtungi wa oksijeni. Clifford alichanjwa dhidi ya mafua mapema, lakini muuguzi aliwaambia waziwazi kwamba kwa mwili dhaifu kama wake chanjo moja haitoshi. Anayeishi naye achanjwe pia.

Enid alikuwa na miaka sitini na miwili. Chanjo ya bure ni ya waliofika sitini na mitano, wenye maradhi, na wanaotunza wagonjwa. Kliniki hufungua simu saa mbili asubuhi, nami nilimsimamia jikoni kwake mpaka akapiga. Alikuwa wa ishirini na tatu kwenye foleni. Chai yetu ikapoa. Mwishowe akapokea Shazia wa mapokezi, nasi tukamsikia wote kwenye spika.

"Una miaka mingapi, mama?"

"Sitini na miwili, mwanangu."

"Kisukari? Pumu? Moyo?"

"Mimi mzima kabisa."

"Kuna mgonjwa unayemtunza nyumbani?"

"Hapana."

Nilimkodolea macho. Akaiziba simu kwa kiganja.

"Hapana?" nikamwambia. "Na Clifford ni nani, paka?"

"Clifford ni mume wangu, Thelma. Watunzaji ni wale wanaokuja na sare. Mimi mke tu."

"Basi mwambie hivyo hivyo! Unamwogesha nani kila asubuhi?"

"Nikamnyang'anye bibi wa watu sindano yake? Sina haya?"

"Mama, bado upo?" Shazia akauliza. "Jumamosi zimebaki nafasi mbili, kama kuna unayemtunza."

"Wape wanaozihitaji, mwanangu. Samahani kwa kukusumbua."

Akakata.

"Haya, twende duka la dawa ukachanjwe kwa kulipia," nikasema.

"Baada ya Krismasi, dada. Kunywa chai yako."

Nilitoka bila kuinywa. Kuna unyenyekevu, na kuna ukaidi uliovaa koti la kanisani. Swali lilikuwa moja, la kweli au si kweli, na mwanamke ambaye hajawahi kudanganya akalijibu kwa uongo ili asionekane mwenye tamaa. Nafasi zile zilitengwa kwa ajili ya watu kama yeye. Hakuna bibi aliyesukumwa kando.

Tarehe tisa Desemba alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akitetemeka kwa homa. Siku ya nne Clifford akaanza kukohoa, na ya sita gari la wagonjwa likaja.

Alilazwa siku kumi na saba. Alirudi, ila ngazi hawezi kuzipanda tena. Kitanda chake cha mtu mmoja kiko sebuleni, na Enid hulala juu peke yake, baada ya miaka thelathini na minane ya ndoa.