Unga wa Iodi wa Prof Gédéon

Miaka sita Gédéon aliutunza unga ule kama watu wanavyotunza mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Profesa wake alimpa chupa moja ndogo alipomaliza chuo kikuu Lubumbashi, naye akaileta hadi Wamaza, alikokwenda kufundisha, ikiwa kifuani, juu ya pikipiki, matope yakimrukia usoni. Ndani yake mlikuwa na iodi, lakini si hii ya kupaka kidonda. Ilikuwa iodi iliyobebeshwa oksijeni kupita kawaida, inayotafuta wa kuitua mzigo. Ukiichanganya na alkoholi, inainyang'anya hidrojeni mbili na kuigeuza kitu kingine. Kazi hiyo zamani ilifanywa kwa kromu, sumu inayobaki mitoni. Iodi huifanya taratibu, bila moto, bila kuua samaki wa mtu.

Karatasi ya chupa ilisema iwekwe pahali pa baridi. Nchi inayotoa dhahabu kwa dunia nzima haikuwa na friji moja kwa shule ile! Kwa hiyo Gédéon alifanya kama watu wa hapa: aliifukia chupa katika mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, pale mke wake Clémentine alipohifadhi nyanya.

Mwaka huu prefe, mkuu wa shule, alisema wazi kwamba seksio ya biokimia, mchepuo wa Gédéon, imebaki na wanafunzi tisa, na wazazi wasipoona faida yake, itafungwa. Gédéon akaomba asubuhi moja tu. Angechukua alkoholi yenye harufu hafifu ya maua, aitie unga wake, na chumba kizima kingenukia mdalasini. Mzazi gani angebishana na pua yake?

Wazazi walikuja, wakiongozwa na Bulaimu, muuza betri na sabuni. Gédéon akafungua chupa. Unga ulikuwa jiwe.

Alielewa papo hapo. Alikuwa ameogopa joto tu, na iodi ya namna hii huharibiwa na maji. Miaka sita unyevu wa mchanga ulikuwa ukipenya kifunikoni. Tena maji hayakuiua tu. Yaliigeuza dutu nyingine, ngumu kuyeyuka, inayoweza kulipuka.

"Prof, chumvi yako imeshikana," Bulaimu alisema. "Leta mchi tuponde. Bibi yangu anapondaka majani ya sombe kila siku, hajaombaka diplome!"

Wazazi wakacheka.

"Mchi hapana, Papa Bulaimu. Ikigongwa inaweza kupasuka."

Akitumaini kwamba unga kidogo ulisalia mzima, alilimiminia jiwe kiyeyusho, akadondosha alkoholi, akangoja nusu saa. Kisha akamwita Darlène, mwanafunzi wake bora, apepee harufu kwa kiganja.

"Unasikia nini?"

"Iko maua, Prof. Maua tu." Akainamisha kichwa kama yeye ndiye aliyekosa.

"Basi tia ku moto!" Bulaimu akasema.

Gédéon alijua moto ungeweza kuliamsha lile jiwe lifanye kazi, au kulilipua. Lubumbashi aliona jiwe la namna hiyo likichemshwa, lakini nyuma ya kioo kinene. Hapa palikuwa na jiko la makaa, chupa nyembamba, na watoto tisa waliobanana ili waone. Robo saa tu, na pengine mdalasini ungenukia. Alilitazama jiko kwa muda mrefu. Kisha akayatazama macho ya Darlène, yaliyokuwa karibu kabisa na chupa.

"Rudi nyuma, Darlène. Nyote. Leo hakuna moto."

"Kumbe ni fundi wa woga!" Bulaimu akainuka. "Kule Salamabila, ku machimbo ya dhahabu, watoto wanachoma zebaki kila siku, na wanarudi na kitu mukononi."

"Wanarudi na mikono inayotetemeka kwa sumu yake, Papa!"

Lakini viti vilikuwa vimeanza kusogezwa, na prefe alikuwa akiandika.

Nyumbani Clémentine alisimama kando ya mtungi. "Papa Grâce," akamwita kwa jina la mtoto wao, "ni mimi nilikuonyesha pale pahali."

"Mimi ndiye niliyesoma," akajibu, wala hakula.

Jumatatu seksio ilifungwa. Wanafunzi saba walihamishiwa pedagojia, seksio ya ualimu, wawili hawakuja. Darlène alikuwa mmoja wa hao wawili. Kaka yake alikuwa amempeleka Salamabila kuwapikia wachimbaji. Macho ya Darlène yote mawili yalikuwa mazima. Gédéon alijikumbusha hivyo mara nyingi siku ile, akiwafundisha wanafunzi wadogo hesabu za kugawanya, na kila alipojikumbusha haikumtosha.