Heshima ya Mkwe

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu wa ufukweni kujiandaa kwa mafuriko. Nilizunguka vijiji vya Seme na chati zangu nikimwuliza kila mtu: maji yakija, utalala kwa nani? Asiyekuwa na jibu nilimgombeza. Mganga hajigangi, maana swali hilo sikuwahi kuliuliza nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Migosi.

Mama mkwe wangu aliishi peke yake, hatua chache kutoka ziwani. Mvua ilipozidi na ziwa likaanza kupanda, mke wangu alitaka tumlete mjini. Sasa, kwetu Wajaluo mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Ni aibu kwa wote wawili. Mke wangu alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa ameshazungumza na mjane wa mlango wa pili, naye akakubali kumpa kitanda. Mimi nikakataa. Nikasema tunatumia ukuta mmoja na huyo mjane, kwa hiyo ni nyumba moja, na watu watanicheka. Nilizungumza kama mzee wa ukoo, mimi ambaye mila huzikumbuka matangani tu, nyama ikikaribia kuiva.

Ukweli ni kwamba sikumtaka. Mama yule huamka na nyimbo za kanisa, hukagua sufuria, na kila tukikutana hutuma mtu aniulize mbona sijajenga kwetu. Sikuwa tayari kuvumilia hayo msimu mzima. Mila ilinifaa, nikaishika.

Siku nne baadaye maji yaliingia kwake. Alipanda juu ya meza, akashikilia boriti ya paa mpaka wavuvi walipomfikia asubuhi kwa mashua. Mwili ulipona. Tukamjengea nyumba nyingine mbali na maji, penye mwinuko, lakini hata manyunyu yakianza yeye husimama na kushika boriti, wala haketi mpaka mvua ikatike. Nimemwona kwa macho yangu, mchana kweupe, amesimama saa nzima na uji wake unapoa mezani. Niliona haya hata kumwambia aketi.

Mwezi uliopita tulimpeleka hospitalini Kombewa kwa mshauri. Mimi niliketi kando karibu na mlango, kama inavyompasa mkwe. Mshauri alimwuliza kama kuna mtu anayemlaumu kwa yaliyompata. Mke wangu akainama, akaangalia viatu vyake. Mama mkwe hakunitazama, ila alininyooshea mkono.

"Mimi sina kasirika na mtu," akasema. "Huyu mkwe yangu ako na heshima sana. Wengine wangenilaza tu huko kwao, nikae na hiyo aibu mpaka nikufe. Yeye alikataa. Kila siku naombea yeye."

Mshauri akaandika. Mke wangu aliinua macho, akaningoja niseme neno, na neno lenyewe nililijua.

Nikasema, "Asante, Mama."