Redio Iliyobebwa Kama Mgonjwa

Mwanangu, jana nilikuona umekaa kwenye ngazi za nyumba, simu yako mpya imezima kabisa mkononi, unaongea kwa simu ya dada yako na watu waliokuuzia. "Samahani, naomba munisaidie, samahani sana." Na upande wa pili hakukuwa na mtu, ilikuwa mashine inakuambia usubiri. Nikacheka, ukanikasirikia. Sikukucheka wewe. Nilimcheka Mwajuma wa zamani, yaani mimi mwenyewe, msichana wa mtaa wa Kimanga, Uvira, aliyejiona mjanja, ambaye naye aliwahi kuomba samahani kwa kosa la mwenye duka. Sogeza kiti nikusimulie.

Siku tuliyoibeba redio begani naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Marehemu babu yako, mume wangu, alilijua hilo na hakuona vibaya.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Kaka yangu Saidi alikuwa akifanya kazi kwenye reli huko Albertville, ambako ninyi mnakuita Kalemie, na mapigano ya Katanga yalipofika kule, meli ziliacha kuja na barua zikakoma. Mama yangu akaanza kukonda. Njia ya kupata habari ilibaki moja tu, nayo ni redio. Kila jioni kituo cha Bukavu walisoma matangazo ya watu: fulani anawajulisha wazazi wake kwamba yuko mzima, fulani amefika salama, fulani ameaga dunia. Kila tangazo walilisoma mara mbili, taratibu, ili hata nyumba yenye watoto wa kelele isipitwe.

Basi wanawake wa uani kwetu, waliokuwa wakiuza ndagala, dagaa wa ziwani, na mafuta ya mawese sokoni, wakachanga wakanunua redio moja kutoka duka kubwa la Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Ilikuwa ya kijani, yenye mkanda wa ngozi wa kuning'iniza begani. Mama aliifunika kitambaa alichofuma mwenyewe. Ikaimba majuma machache, ikakohoa, ikanyamaza.

Hapo ndipo tulipojikuta tumebanwa kati ya mlango na ukuta. Duka lilikuwa limetupa karatasi ya garanti, na garanti ilisema fundi mwingine asiiguse redio hata kwa kidole, la sivyo wao wananawa mikono. Lazima irudishwe Usumbura. Lakini Usumbura haikuwa tena ile ya kwenda na kurudi kama jikoni kwako. Kila upande ulikuwa umepata nchi yake, bariyeri, mti wa kuzuia njia, ikawekwa katikati ya barabara, na hapo wakakaa watu wa duane, yaani forodha, na kofia zao mpya. Kitu cha umeme kikitoka kinalipiwa ushuru. Kikiingia kinalipiwa ushuru. Kama ni chako, kama ni kibovu, kama umekilipia juzi, wao hilo halikuwahusu.

Mara ya kwanza niliipeleka mimi peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimesoma na Kifaransa changu kilisifiwa mtaa mzima. Nikalipa kwenda. Nikafika dukani, kijana mwenye tai akaichukua redio nyuma ya pazia, akarudi nayo inaimba. Nikashukuru mpaka nikaona aibu. Nikalipa kurudi. Haikumaliza juma, ikafa tena, na safari hii hatukuwa na kitu cha kulipa. Mama akavua hereni zake za harusi akaziweka mezani, akaniambia nizipeleke sokoni.

Jirani yetu mama Rebeka aliziona zile hereni. Mama huyu alikuwa mtu wa milima ya juu, wa ng'ombe na wa kanisa, aliyeshuka Uvira na mumewe na hakupata kulizoea joto la ziwani. Hakujua kusoma sana, na hakuwa na haraka hata siku moja. Alizirudisha hereni mkononi mwa mama, kisha akanigeukia.

"Ulipofika mu duka, ulisema nini?"

Nikamwambia nilisema samahani, naomba munisaidie.

"Samahani ya nini? Ni weye ulitengeneza ile kitu?"

"Hapana, mama."

"Ni weye uliiharibu?"

"Hapana."

"Basi minye sielewi. Muntu anakuuzia kitu ya kufa, na weye njo unainamisha kichwa. Tena unaenda peke yako, ka muntu anaenda kuiba."

Mwanangu, Kifaransa changu chote hakikunifundisha swali kama hilo. Maneno yake yaliniuma, na nashukuru yaliniuma.

Kesho yake asubuhi akatoka kwake na ngobyi. Wewe uliiona ukiwa mdogo, labda hukumbuki: ile machela ya kusuka ambayo watu wa milimani hubebea mgonjwa, wanne wanaishika mabegani. Ina sheria zake. Ngobyi ikipita, kila mtu anasimama na kuondoa kofia. Mwanaume akiikuta njiani anaweka bega bila kuulizwa, awe anamjua mgonjwa au hamjui, hata kama alikuwa anakwenda kwenye mambo yake. Na hakuna anayeizuia ngobyi.

Mama Rebeka akailaza redio ndani, juu ya mto, akaifunika kitenge. Mama yangu akafikiri jirani amepatwa na kitu kichwani. "Mama Rebeka, watu watatucheka."

"Wacheke. Tutawaambia kweli. Atakayeuliza, tunamuambia iko redio."

Ndivyo tulivyofanya. Wanawake ndio tuliobeba, na mimi mbele kulia, nikiwa nimeona haya mpaka masikio yanawaka moto. Mtaani waliuliza nani anaumwa, tukasema redio, wakaangua kicheko. Lakini hawakuondoka, walitufuata. Tulipopita sokoni bwana mmoja wa Luberizi aliyekuwa ameleta mchele akaweka bega lake kwa desturi, akauliza mgonjwa ni nani. Alipoambiwa, hakucheka. Akauliza redio yenyewe ni ya duka gani. Yake pia ilinunuliwa palepale, na ilikuwa imekaa bubu juu ya kabati tangu mavuno. Akamwachia mkewe mchele, akaendelea na sisi. Njiani wakaongezeka wengine wa namna hiyo, na nikagundua kwamba aibu yangu yote ya juzi ilikuwa aibu ya watu wengi, kila mmoja ameifungia nyumbani kwake.

Kufika bariyeri, afisa wa duane alituona kwa mbali. Alikuwa kijana, mtoto wa watu, naye amelelewa. Akavua kofia, akaiweka kwapani, akainua ule mti kwa mikono yake mwenyewe. Tukaingia chini yake tukasimama. Sisi hatukutaka kupita kwa kujificha.

"Poleni. Mugonjwa ni nani?"

"Iko redio," mama Rebeka akasema.

Kisha akafunua kitenge. Afisa akaitazama redio kwenye mto wake, akatutazama sisi, akawatazama madereva wa malori waliokuwa wamesimama bila kofia huko nyuma yake.

"Mama, redio inalipaka duane."

"Marshandize, kitu ya kuuza, njo inalipaka, mutoto wangu. Hii hatuendi kuuza. Tunaenda kuitibisha, na jioni inarudi mu nyumba yake. Mama yako akienda kutibiwa ng'ambo, utamulipisha kutoka na kuingia?"

Dereva mmoja akasema taratibu kwamba ngobyi hairudishwi nyuma. Afisa akabaki ameshika mti juu, na nadhani mkono ulikuwa umeanza kumchoka. Mwishowe akamwachia yule dereva mti, akatoa kalamu, akaandika namba ya nyuma ya redio kwenye kiganja chake. "Mupite. Lakini mukirudi na ingine, mutalipa yote."

Usumbura tuliiweka ngobyi mlangoni mwa duka, pembeni kidogo ili wateja wapite, tukakaa chini kama watu wanaokaa na mgonjwa wao. Hatukutukana mtu wala kupaza sauti. Tulitoa mihogo yetu tukala. Kila mteja aliyefika alitoa pole na kuuliza nani anaumwa, na bwana wa Luberizi akajibu kwa adabu kabisa: "Redio ya duka hii." Wengine walitikisa kichwa wakaingia. Wengi waliulizia aina gani, wakageuza.

Kijana wa tai alitoka kutuambia turudi mwezi ujao. Nikasimama. Nikamwambia kwa Kifaransa, bila pardon, bila samahani hata moja, kwamba tumeuziwa kitu kibovu, kwamba karatasi yao inasema watatengeneza, na kwamba hatuna haraka. Sauti yangu ilitetemeka mwanzoni, ikatulia. Nyuma yangu nikasikia mama Rebeka anauliza watu nimesema nini, na mama yangu, ambaye Kifaransa hakukijua, akamjibu, "Amesema vizuri."

Haikupita muda mwenye duka akatoka mwenyewe, jasho linamtoka. Alikuwa ameshika redio mpya kabisa, ndani ya boksi. Chukueni hii, akasema, mwende nyumbani. Nikanyoosha mikono.

"Apana," akasema mama Rebeka. "Tulileta mugonjwa yetu, tunarudi na mugonjwa yetu. Fungua, utengeneze hapa, macho yetu inaona."

Nilimkasirikia sana, mwanangu. Niliona mzee ameanza kuringa na kututupia bahati. Lakini ikawa kama alivyosema. Fundi akatoa meza nje, akaifungua redio juani, akabadilisha kilichoharibika, akaifunga. Tukaiacha iimbe pale pale mpaka jua likapungua, na bwana wa Luberizi akaahidiwa mbele ya watu wote kwamba yake nayo italetwa na itatengenezwa. Iliimba njia nzima ndani ya ngobyi, na watoto wa barabarani wakacheza.

Bariyerini afisa akaigeuza redio, akasoma namba, akafungua kiganja. Ilikuwa ile ile. Ndipo hasira zangu zikaniisha, maana ingekuwa ile ya boksi tungeiacha mikononi mwake. Akainua mti. Tulipokwisha kupita akatukimbilia, akamuuliza mama Rebeka kwa sauti ya chini tunafungulia redio saa ngapi jioni, kwa sababu wazazi wake walikuwa upande wa Kasongo na hajasikia neno lao.

"Saa ya matangazo. Kuya tu," akamwambia. "Ukuye na kiti yako."

Akaja, mwanangu. Alikaa uani kwetu jioni nyingi, kofia gotini, katikati ya wanawake wa ndagala. Na alikuwepo jioni ile sauti ya Bukavu iliposema kwamba Saidi wa reli ya Albertville anamjulisha mama yake wa Kimanga, Uvira, kwamba yuko mzima, na anaomba mtu asiguse baiskeli yake. Mama akaisogelea redio akaiambia, "Sema tena."

Na redio ikasema tena. Kila tangazo lilisomwa mara mbili, hilo mtaa mzima ulilijua. Lakini mama yangu mpaka anaingia kaburini aliamini kwamba redio ile ilimtii, na hakuna hata mtu mmoja wa Kimanga aliyethubutu kumsahihisha. Baadaye, waasi walipoingia Uvira nasi tukapanda milimani kwa ndugu za mama Rebeka, niliacha sufuria, niliacha magodoro. Redio ilipanda mgongoni kwangu.

Nami najivuna, sitakuficha. Watu wengine wanajivunia mashamba. Mimi najivunia kwamba niliweka bega kwenye ngobyi ile.

Basi nakuambia hivi. Kitu ulichokilipia kikikufia mkononi, usiombe samahani, kosa si lako. Usiende peke yako na usiongee na mashine. Uliza kwanza jirani, utakuta na yeye anacho kibovu kabatini. Nendeni pamoja, mchana, mlangoni kwao, mseme kweli bila matusi, na mkae. Na mtu wa serikali akisimama njiani na sheria yake, mkumbushe yeye ni mtoto wa nani, kisha mpe nafasi ya kukuinulia mti. Mengi wanayoyashikilia wanangoja tu mtu wa kuwapa sababu ya kuyaachia. Lakini usidanganye, na usipokee cha boksi kabla hujafikiria njia ya kurudi.

Kesho asubuhi tunakwenda wote kwenye hilo duka la simu. Nimeshamwambia dada yako, na wale wa nyumba ya pili, ambao na yao imekufa. Viti tutabeba wenyewe.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka mbele ya mwenye duka. Akupe majirani wa kuweka bega bila kuuliza. Na simu yako ikifufuka, mwanangu, neno la kwanza litakaloingia liwe la mtu wako wa mbali anayekuambia kwamba yuko mzima, na likisha kuingia, liingie tena.